Ngozi Mpya kwa Mtoto Aliyeungua

Ndugu msomaji, tazama mkono wako. Ngozi unayoiona hapo ni nguo usiyoinunua wala kuifuma. Inazuia maji ya mwili yasitoke nje, inazuia wadudu wa ugonjwa wasiingie ndani, inakuambia kama ugali ungali wa moto au umekwisha kupoa. Ukikwaruzwa na mti shambani, baada ya siku chache pale pamejifunga penyewe, nawe umekwisha kusahau. Lakini mtoto aliyeungua mpaka ndani hana tena nguo hiyo, na mahali palipoungua hivyo hapawezi kujifuma tena. Basi, wazazi wengi wanauliza swali moja wakiketi kando ya kitanda cha mtoto: Je, ngozi nyingine itapatikana wapi? Swali hilo ni la haki, na siku hizi lina majibu ambayo babu zetu hawakuyajua.

Sisi wa kando ya ziwa tunajua moto. Hapa Lusenda, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ndugu zetu waliotoka Burundi, nyumba nyingi ni ndogo na zimekaribiana, na mahali pa kupikia ni hatua moja tu kutoka mahali pa kulala. Na nani katika mkoa wetu amesahau Sange? Tarehe 2 Julai 2010 lori lililobeba petroli lilipinduka katika kijiji hicho cha bonde la Ruzizi, katika barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Petroli ikamwagika, kisha moto ukawaka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao.

Lakini moto unaoleta watoto wengi hospitalini si wa lori. Ni wa sufuria. Maharagwe yanachemka juu ya mafiga, mama anageuka kuchukua chumvi, mtoto wa miaka miwili anavuta ukuni. Au chai imewekwa chini, juu ya mkeka. Au mbabula imeachwa mlangoni na mtoto anapita akikimbia. Au mtu amemimina petroli katika chupa usiku akiwa na taa ya moto mkononi. Tena kuna mtoto mwenye kifafa, anayeanguka katika moto wakati hakuna mtu karibu naye. Na wakati mwingine mtu yupo karibu, lakini anaogopa kumvuta kwa sababu ya lile povu la mdomoni. Ninyi mnaosoma, shikeni neno hili: kifafa hakiambukizi. Povu ni mate tu. Mvute mtoto mara moja! Na ikiwa anaanguka mara kwa mara, mlete apewe dawa za kifafa, maana ziko, naye asipikie peke yake kamwe.

Sasa tujue kwanza jinsi ngozi ilivyo. Ina tabaka mbili. Ile ya juu ni nyembamba sana, nayo hujifanya upya kila siku. Ndiyo inayobanduka ukipata lengelenge. Ile ya chini ni nene na yenye nguvu, na ndani yake mna mishipa ya damu, mizizi ya nywele, na vifuko vya jasho. Mtoto akiungua tabaka ya juu tu, atalia sana, ngozi itakuwa nyekundu, lakini atapona. Akiungua mpaka katikati, malengelenge yatatokea. Naye kwa kawaida atapona akitunzwa vema, kwa sababu chembe za ngozi zilizobaki kandokando ya mizizi ya nywele zitapanda juu na kufunika kidonda. Lakini moto ukiteketeza tabaka zote mbili, mizizi yote imekwenda. Hapo ngozi huwa nyeupe au nyeusi, kavu, ngumu kama ngozi ya ngoma, na mtoto haumii akiguswa pale. Wazazi hufurahi, wakisema, “Hasikii maumivu, amepata nafuu.” Sivyo! Hasikii kwa sababu hata mishipa ya kusikia maumivu imeungua. Kidonda cha namna hiyo, kikiwa kikubwa, ndicho kinachohitaji ngozi kutoka mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Baba mmoja atanyosha mkono wake na kusema, “Daktari, chukua ngozi yangu umpe mwanangu.” Ni neno la upendo mkubwa, na mara nyingi limesemwa katika hospitali za dunia nzima. Lakini mwili wa mtoto hautaipokea. Mwaka 1943, wakati wa vita vikuu vya pili, mtaalamu Peter Medawar na daktari mpasuaji Thomas Gibson walikuwa wakifanya kazi katika mji wa Glasgow, huko Scotland. Walimtunza mama aliyeungua vibaya, wakambandika vipande vya ngozi ya ndugu yake. Vipande vilishika kwanza, kisha vikaharibika. Walipobandika vingine kutoka kwa ndugu yuleyule, vikaharibika upesi zaidi, kana kwamba mwili umemkumbuka mgeni na kumfukuza kabla hajaketi. Medawar aliendelea kuchunguza jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1960 akapewa tuzo ya Nobel. Ngozi ya mtu mwingine, au hata ya nguruwe, inaweza kufunika kidonda kwa muda, kama turubai juu ya nyumba iliyoezuliwa na upepo. Haiwi paa. Ni mapacha wa kufanana kabisa tu ambao miili yao haibaguani.

Basi ngozi inayodumu lazima itoke kwa mtoto mwenyewe. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika, na yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Kama kidonda si kikubwa mno, kazi ni ya kawaida, na hospitali nyingi zenye daktari mpasuaji huifanya. Mtoto analazwa usingizi kwa dawa. Daktari anachukua ngozi nyembamba sana kutoka pajani, nyembamba kama karatasi, anaiweka juu ya kidonda kilichosafishwa. Akitaka ienee zaidi, anaitoboa matundu madogo mengi mpaka inavutika kama wavu wa kuvulia ndagala. Pale pajani ngozi haikuondolewa yote. Mizizi imebaki, na kwa muda wa majuma mawili hivi panafunika tena. Lakini hapa ndipo wazazi wengi wanapoogopa. Wanasema, “Mtoto ameungua mkono, sasa mnataka kumchuna na mguu?” Wengine humbeba usiku na kuondoka. Ndugu, msifanye hivyo. Yule daktari hataki kuongeza kidonda, anatafuta mbegu. Ukitaka shamba la muhogo unakata kipande cha mti wa muhogo uliosimama. Hakuna anayesema kwamba umeua shamba.

Lakini itakuwaje kama mtoto ameungua karibu mwili wote, na paja lenyewe limeungua? Mbegu imebaki kidogo sana, na shamba ni kubwa. Kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo walikufa tu.

Mlango ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwa akitafuta dawa ya moto. Howard Green, mtaalamu wa Marekani, alikuwa akichunguza uvimbe wa panya, na kati ya chembe alizokuwa akikuza katika sahani akaona nyingine zinazofanana na chembe za ngozi. Akaziacha uvimbe, akafuata ngozi. Mwaka 1975 yeye na James Rheinwald walitangaza njia ya kukuza chembe za ngozi ya mtu nje ya mwili. Wanachukua kipande cha ngozi nzima, kidogo kama stempu ya barua. Wanakitia katika dawa inayoachanisha chembe zake. Kisha wanazimwaga katika sahani zenye chakula cha majimaji, katika joto kama la mwili. Chini ya sahani wametandika chembe za panya zilizopigwa miale hata haziwezi tena kuzaana. Kazi yake ni kulea tu, kama yaya anayelea watoto wa mwingine. Chembe za ngozi zinagawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, zinagusana, zinashikana, mpaka zinakuwa kitambaa chembamba. Kwa majuma matatu au manne kipande kile cha stempu kinaweza kuenea mara elfu nyingi.

Mwaka 1983 njia hiyo ilijaribiwa kwa neno zito. Katika jimbo la Wyoming, Marekani, wavulana wawili wa mama mmoja, wa miaka 5 na 6, waliungua zaidi ya sehemu 95 katika 100 za ngozi yao. Kwa hesabu za siku zile walikuwa wamekwisha kufa. Walipelekwa mpaka hospitali ya watoto walioungua katika mji wa Boston, na vipande vidogo vya ngozi iliyosalia vikapelekwa kukuzwa. Ngozi ile iliyokuzwa ilifunika karibu nusu ya miili yao, na wote wawili waliishi. Mwaka 1984 madaktari wao waliandika habari hiyo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba ni ndoto.

Jambo hili limefika Afrika pia. Mwaka 2012, huko Johannesburg, daktari mpasuaji Ridwan Mia alikuwa na mgonjwa, mtoto wa kike ambaye hajafika miaka 3, aliyeungua karibu sehemu 80 katika 100. Kipande kidogo cha ngozi yake kilisafirishwa mpaka Boston, kikakuzwa, na mwezi wa Juni ngozi iliyokua ikarudishwa kwa ndege na kubandikwa haraka kabla haijaharibika. Mtoto huyo aliishi, akarudi kwao. Fikiri: mbegu imevuka bahari, imeoteshwa ugenini, na mavuno yamerudi kwa mwenyewe.

Na kwa wasomaji wetu waliokimbia nchi zao nina habari nyingine. Mvulana mmoja wa Siria, ambaye jamaa yake walikimbilia Ujerumani, aliletwa mwaka 2015 katika hospitali ya mji wa Bochum akiwa na miaka 7. Hakuchomwa na moto. Alizaliwa na ugonjwa unaofanya ngozi ibanduke kama malengelenge, na sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa imepotea. Baba yake alitoa ngozi yake mwenyewe. Ikakataliwa, kama ile ya Glasgow. Ndipo kipande cha ngozi ya mtoto kikapelekwa Italia, katika mji wa Modena, kwa mtaalamu Michele De Luca na wenzake. Wao hawakukuza tu. Walisahihisha kwanza kosa lililokuwa ndani ya chembe zenyewe, kisha wakazikuza. Karibu sehemu 80 katika 100 za ngozi yake zilibadilishwa. Mwaka 2017 habari zake zilitangazwa: mvulana alikuwa amerudi shuleni na kucheza mpira. Hakuwa mwana wa tajiri, alikuwa mkimbizi.

Lakini nisiwadanganye. Ngozi hii ina upungufu wake. Kwanza, inachukua majuma kukua, na mtoto aliyeungua hana majuma ya kungoja bila kifuniko. Pili, ni tabaka ya juu tu. Ni laini, inatoka malengelenge upesi, haina nywele wala jasho. Wadudu wakiingia katika kidonda, huiharibu kwa siku chache na kazi yote inapotea. Tatu, bei yake ni kubwa sana, na inahitaji nyumba ya kazi yenye usafi na umeme usiokatika hata saa moja. Hapa Fizi haipo.

Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia nyingine za kusaidiana na hii. Daktari John Burke na Ioannis Yannas, mtaalamu aliyezaliwa Ugiriki, walitengeneza badala ya ile tabaka ya chini: uzi wa nguvu uliotolewa katika mwili wa ng'ombe, umechanganywa na kitu kinachopatikana katika gegedu ya samaki papa, na juu yake kifuniko chembamba cha silikoni. Walitangaza kazi hiyo mwaka 1981. Mwili wa mgonjwa unaingia ndani yake kama mharagwe unavyopanda juu ya mti, na baada ya majuma mawili au matatu kifuniko cha juu kinaondolewa na ngozi nyembamba ya mgonjwa inawekwa. Huko Zürich, Uswisi, madaktari wa hospitali ya watoto wamekuwa wakijaribu kukuza ngozi yenye tabaka zote mbili pamoja. Huko Australia, daktari Fiona Wood wa mji wa Perth alifuata njia ya kutongoja: chembe zinaachanishwa palepale karibu na chumba cha upasuaji, zinatiwa katika maji, na kunyunyizwa juu ya kidonda kama dawa juu ya majani ya nyanya. Alijulikana sana mwaka 2002, alipowatunza watu walioungua katika mabomu ya Bali. Kipande kidogo kinaweza kufunika mahali pakubwa mara 80. Serikali ya Marekani iliruhusu njia hiyo kwa watu wazima mwaka 2018, na kwa watoto mwaka 2021.

Kuna na vifuniko vya watu wasio na fedha nyingi. Huko Fortaleza, Brazili, madaktari hufunika vidonda vya moto kwa ngozi ya samaki, ile tilapia ambayo asili yake ni Afrika, na ambayo inaishi hata katika ziwa letu. Huko Mumbai, India, madaktari walifunika vidonda kwa majani ya mgomba, wakaona kwamba hayashiki kidonda, na mgonjwa haumii sana siku ya kubadilisha. Nasikia mtu akisema, “Kumbe! Samaki ninao na mgomba ninao.” Ngoja kwanza. Ngozi ile ya samaki imesafishwa kwa dawa nyingi na kupigwa miale kabla ya kumgusa mgonjwa, na majani yale yamechemshwa kwa mvuke wa hospitali mpaka hakuna mdudu aliyebaki. Samaki wa sokoni juu ya kidonda cha mtoto ni sumu.

Sasa turudi nyumbani kwako, maana kazi ya kuokoa ngozi huanza kabla ya kufika kwa daktari yeyote. Mtoto akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Usimwagie mara moja na kuacha. Dakika 20 ni ndefu, mtu mmoja amwage na mwingine achote. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Barafu usiweke. Vua nguo isiyoshikamana na mwili, kata shanga na kamba za kiunoni na mkononi, kwa sababu mwili utavimba. Usipake dawa ya meno, wala mayai, wala mawese, wala majivu, wala udongo, wala mavi ya ng'ombe. Vitu hivi vinaleta wadudu, na vinamzuia daktari asione kidonda. Usitoboe malengelenge. Funika kwa kitenge kilichofuliwa na kukauka vizuri, na sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe njiani. Kama ni mkubwa na yuko macho, mpe kinywaji cha chumvi na sukari kidogo kidogo, maana maji ya mwili yanatoka kwa wingi mahali pasipo na ngozi. Mtoto anaweza kufa, si kwa moto wenyewe, bali kwa kukaukiwa maji siku ile na ya pili.

Utajuaje kama ni lazima kwenda hospitali? Tumia mkono wa mtoto mwenyewe: kiganja chake pamoja na vidole ni kama sehemu moja katika 100 ya ngozi yake. Palipoungua pakiwa pakubwa kuliko kiganja hicho, au ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au alivuta moshi, au ni mtoto mchanga, usingoje asubuhi. Nenda kituo cha afya, nao watampeleka hospitali ya Nundu ikihitajika. Huko ataulizwa pia sindano ya pepopunda.

Na wakati wa kupona, mpe mayai, maharagwe, ndagala, maziwa ukiyapata. Mwili unaofuma ngozi unakula kama mtu anayelima. Vidole vilivyoungua vifungwe kimoja kimoja na kitambaa katikati, la sivyo vitashikana kuwa kimoja. Aliyeungua shingo asilale na mto. Shingo inyoshwe, hata kama analia. Kovu linapokauka huvuta, usiku na mchana, kama kamba iliyoloweshwa na kuanikwa juani. Mnyoshe viungo kila siku kama muuguzi alivyowaonyesha, kwa miezi mingi, hata baada ya kidonda kufunga.

Nanyi mnao mtoto nyumbani ambaye kidevu chake kimeshikamana na kifua, au mkono umejikunja tangu miaka iliyopita, nanyi mnamficha wageni wakija: mleteni. Kovu la zamani linaweza kukatwa na kufunguliwa, na pale palipofunguliwa panawekwa ngozi kutoka pajani pake. Hata miaka 10 ikipita inawezekana. Mleteni kwanza Nundu aonwe. Wakiona kazi ni kubwa kuliko vyombo vyao, watawaandikia barua ya kwenda Bukavu.